Nimekosa siku moja kwenye picha zangu za kila siku, nifanyeje?

Nuru ya Asubuhi
Wakuu, habari za jioni. Naombeni ushauri, jambo dogo ila linaninyima usingizi.

Tangu 1 Machi nimejiwekea utaratibu wa kupiga picha moja kwa siku, kwa simu. Nasimama kwanza, navuta pumzi tatu, nakitazama kitu mpaka nikione hasa, ndipo nabonyeza. Sirudii wala sibadilishi rangi. Nilianza kwa sababu siku zilikuwa zinanipita tu, ukiniuliza Jumanne ilikuwaje sina jibu. Imenisaidia mno. Sasa najua jua linagusa ukuta wa jikoni dakika chache tu asubuhi, na kila wiki linasogea kidogo kuelekea mlangoni.

Leo ni siku ya 169. Tatizo ni siku ya 143, haipo. Simu iliisha chaji. Je, nipige nyingine niichomeke pale, au nianze upya kutoka moja?

Fundi Lenzi
Usianze upya. Kuna Mmarekani anaitwa Karl Baden, anaupiga picha uso wake kila siku tangu 23 Februari 1987. Amekosa siku moja tu, 15 Oktoba 1991, kwa kusahau, na anaitaja bila kuficha. Pengo nalo ni sehemu ya kazi.

Mama Wawili
Mimi nilikuwa napiga povu la ndoo nikifua, wanangu wanacheka mpaka basi. Nikafika mwezi wa tatu, simu ikadondoka ikafa, na sikuwa na nakala popote. Nililia kama nimeibiwa. Jamani wekeni nakala, nawasihi.

Mzee Tulivu
Vijana mnapiga picha badala ya kuishi. Mtafiti Linda Henkel alichapisha utafiti mwaka 2014: waliopiga picha vitu vya makumbusho walivikumbuka vichache kuliko waliovitazama tu. Weka simu chini, utazame kwa macho uliyopewa.

Fundi Lenzi
Mzee, malizia na nusu ya pili. Waliovuta lenzi karibu, wakapiga sehemu tu ya kitu, kumbukumbu yao haikupungua. Umakini ndio unaobeba kumbukumbu, na huyu anasema anavuta pumzi tatu kwanza.

Kibatari
Weka picha nyeusi tii, andika chini "chaji iliisha". Kazi imekwisha 😂
Ila Nuru, siku moja kati ya 169 haimkoseshi mtu usingizi. Siku hiyo kulikuwa na nini?

Nuru ya Asubuhi
Hakuna kikubwa. Ilikuwa siku ngumu nyumbani.

Kibatari
Ngumu vipi? Tukushauri kitu tusichokijua?

Nuru ya Asubuhi
Haya. Ni siku aliyofariki baba, 21 Julai. Na chaji haikuisha. Picha nilipiga, alfajiri, akiwa bado hai. Dada akaniona, akasema, "Hata saa hizi?" Nikaifuta palepale mbele yake. Lakini simu yangu hutunza vilivyofutwa kwa siku 30, kwa hiyo 20 Agosti inapotea kabisa.

Mama Wawili
Pole sana mwanangu. Mungu amrehemu.

Mkaguzi
Wakuu, hii ni chai. Mwanzo amekosa picha kwa sababu ya chaji, tukimbana kidogo anatokea baba, dada na alfajiri. Kesho atakuja na sehemu ya pili. Kama ni kweli, picha ina saa yake ndani. Iweke hapa.

Mzee Tulivu
Hata mimi nimeanza kuwa na shaka.

Nuru ya Asubuhi
Siiweki hapa, hata mkiniita mwongo. Chaji niliisingizia kwa sababu niliona aibu.

Saa yake ni 05:40. Uso haupo. Ni mkono wake juu ya shuka, kidole gumba kimeshika pindo. Kwenye kifundo kuna mstari mweupe, ilipokuwa saa aliyovaa tangu niko mdogo, walikuwa wamemvua. Nilivuta pumzi zangu tatu kama kawaida. Katika hizo tatu, yeye alivuta moja.

Na niseme yote: nimeshairejesha, juzi usiku. Niko nayo.

Mkaguzi
Pole. Nafuta kauli yangu.

Mzee Tulivu
Pole sana. Lakini mgonjwa hakuombwa ruhusa, na dada yako alikukataza. Hilo bado linanisumbua.

Nuru ya Asubuhi
Mzee wangu, baba alikuwa ananiuliza kila jioni, "Leo umepata nini?" Namwonyesha, anaisogeza simu mbali na macho, anatazama mpaka skrini inazima. Nisingepiga siku ile, ningekuwa nimemficha kitu. Na sina mpango wa kumwonyesha mtu.

Fundi Lenzi
Mpiga picha Mmarekani, Jamie Livingston, alipiga picha moja ya Polaroid (zile zinazotoka papo hapo kwenye kamera) kila siku kuanzia 31 Machi 1979 mpaka 25 Oktoba 1997, siku aliyofariki. Ugonjwa wake umo, hospitali imo. Mimi naona hujakosea kupiga. Ila ihamishie folda yake peke yake, isije ikakurukia siku unatafuta picha ya risiti.

Mama Wawili
Mwambie dada yako. Aliiona ikifutwa, anaamini haipo. Mimi na mdogo wangu tulinyamaziana miaka miwili kwa sababu ya barua ya mama niliyomwambia nimeichoma.

Nuru ya Asubuhi
Mama, nimemwandikia sasa hivi, huku mikono inatetemeka.

Nuru ya Asubuhi
Amejibu. "Usiifute tena. Usinionyeshe mpaka niombe mwenyewe." Nimeihamisha kama alivyosema Fundi, nakala nimeweka sehemu mbili. Siku ya 143 nimeiacha wazi, nimeandika tarehe tu. Ya leo bado sijapiga, ngoja nitoke nje kabla giza halijaingia.