Tupeane uzoefu: bastola ya kujilinda ndani ya nyumba yenye watoto

Mnunuzi wa Bahati (mwenye uzi)

Hamjambo wote. Uzi huu ni wa walio na cheti cha silaha hapa Kenya na wanaoishi nao nyumba moja. Mwenye mguu wa kuku usio na karatasi aupeleke kituoni kwanza, ndipo tuzungumze.

Nanunua mahindi na viazi pande za Bahati na Subukia, nalala Lanet. Niliomba cheti miaka ile pesa za wakulima zilikuwa zinasafiri kwenye mfuko wa khaki chini ya kiti cha gari, kabla simu haijachukua kazi hiyo. Njia yake mnaijua: cheti cha tabia njema, daktari, mafunzo ya shabaha, maswali ya Bodi ya Leseni za Silaha, halafu kila mwaka kurudi kuhuisha. Waliokuwa nacho Desemba 2018, serikali ilipoagiza raia wote wenye silaha wakaguliwe upya, wanakumbuka tulivyohangaika.

Hayo yote huishia mlangoni mwako. Ukishaingia ndani na kufungua mkanda, uamuzi unabaki wako peke yako. Bastola iliyo tayari kwa jambazi iko tayari pia kwa mtoto wa miaka minne. Na ukiifungia mbali kabisa, risasi huku na bastola kule, ufunguo kwenye koti lililo sebuleni, mlango ukivunjwa saa nane usiku utakuwa umemiliki chuma tu.

Msimamo wangu ni huu: iko mwilini mwangu au iko ndani ya sefu. Mahali pa tatu hakuna. Juu ya kabati hapana, chini ya godoro hapana, kwenye dashibodi hapana, juu ya friji "kwa dakika moja tu nikinawa mikono" ndiyo hapana kabisa. Watoto wangu wanapanda viti tangu hawajajua kuongea.

Sefu yangu ni ndogo, ya vitufe, imekazwa kwa bolti kwenye ukuta wa mawe ndani ya kabati la chumba cha kulala. Nikifika nyumbani, kabla ya chai na kabla ya kusalimiana sana, napita moja kwa moja huko na kufunga mlango. Natoa magazini kwanza, lile kasha la risasi la kwenye mpini. Ndipo navuta slaidi, chuma cha juu cha bastola, nyuma, na risasi ya chemba, ile iliyo tayari kupigwa, inaruka kitandani. Anayevuta slaidi kabla ya kutoa magazini anatoa risasi moja na kuingiza nyingine papo hapo, akidhani amemaliza. Kisha naangalia chemba kwa macho, naingiza ncha ya kidole kidogo ndani nihisi kama kuna kitu. Gizani macho hudanganya, kidole hakidanganyi.

Haya, nyinyi mnafanyaje? Naomba mtu aseme anachofanya kweli, si alichosoma.

Mama Mapacha, Kisumu

Asante ndugu kwa kuwakumbuka wanaoishi na mwenye cheti. Mimi sina cheti, mume wangu ndiye anacho. Kazi yake inampeleka Busia na Siaya karibu kila wiki.

Tulipooana alikuwa anailaza chini ya mto. Nilimwambia wazi, baba, ama mto ama mimi. Hakuikasirikia hoja, alinunua sefu. Lakini watu wengi hawajui kwamba hata mimi mke sipaswi kuwa na namba za hiyo sefu. Cheti ni chake. Sheria inataka silaha isifikiwe na mtu asiye na haki ya kuwa nayo, na mbele ya sheria mimi ni mtu huyo, kitanda kimoja au la. Mwanzoni liliniuma kidogo, kwamba akiwa Busia mimi na watoto tunabaki na nini? Tukakaa tukazungumza kama watu wazima. Tukaongeza grili ya korido ya vyumba vya kulala, ya pili baada ya mlango wa nje, taa ya sensa nyuma ya nyumba, na king'ora ambacho kitufe chake kiko kando ya kitanda. Majirani watatu wana namba zangu na mimi zao. Usiku wa kukosa usingizi, ile grili ya pili ndiyo inayonituliza.

Na msiwadharau wageni wa Desemba. Watoto wako umewafundisha, wa shemeji hujawafundisha. Mwaka mmoja alikuja kijana wa miaka mitano kutoka Ugunja, ndani ya siku mbili alikuwa amefungua kila droo ya nyumba, hata ile ya juu ninakoficha biskuti za wageni. Alifika hadi kwenye sefu akakaa chini mbele yake akibonyeza namba moja baada ya nyingine, ulimi nje, kwa utulivu wa fundi wa saa. Nilisimama mlangoni nikamtazama bila kusema kitu. Hivyo ndivyo mtoto anavyofanya ukiwa jikoni unakaanga samaki.

Mkufunzi Mstaafu, Gilgil

Nimefundisha shabaha sehemu kubwa ya maisha yangu, kwa hiyo niruhusuni niongee kirefu kidogo.

Mwenye uzi, utaratibu wako wa chemba ni sahihi, mpangilio wenyewe ndio unaotakiwa. Lakini nakupinga jambo moja kwa heshima. Kutoa risasi kila jioni na kuirudisha kila asubuhi ni kuishika bastola mara mbili kwa siku bila sababu, na risasi nyingi za bahati mbaya hutoka hapo, mtu akiwa anaipakia au anaipakua akiwa amechoka. Pia ile risasi moja unayoiingiza kwenye chemba kila siku, ncha yake husukumwa kidogo kidogo ndani ya ganda. Ikizama, presha ndani ya ganda hupanda inapolipuka. Ilinganishe na mpya kutoka kwenye pakiti. Ikiwa fupi, iondoe.

Ninachowashauri wanafunzi wangu ni kuiacha ndani ya holsta yake, ule mfuko wa bastola wa kiunoni. Mnafungua mkanda, mnaivua pamoja na holsta, kifyatulio kimefunikwa muda wote, mnaiingiza yote kwenye sefu na kufunga. Hakuna kidole kilichokaribia popote. Hii inafanya kazi kwa sharti moja tu, kwamba holsta ni ngumu, imetengenezwa kwa bastola ya aina hiyo, na inafunika kifyatulio chote. Zile za kitambaa laini za kununua mnadani zitupeni. Na kina mama wenye cheti, bastola haikai mkobani pamoja na funguo na kalamu. Kalamu inaweza kuingia kwenye kifyatulio kama kidole.

Halafu kuna mjadala wa chemba tupu. Wengine hutembea na magazini imejaa na chemba tupu, wakisema watakoki, yaani watavuta slaidi risasi iingie kwenye chemba, hatari ikija. Ni salama zaidi nyumbani, sikatai. Lakini kukoki kunataka mikono miwili. Ukiwa na mtoto begani au mkono uko kwenye usukani, mkono wa pili unao wapi? Jibu langu hutegemea mtu. Anayekuja uwanjani mara kwa mara na ana holsta nzuri, abebe chemba ikiwa na risasi. Anayepiga shabaha mara moja kwa mwaka ili ahuishe cheti, abebe chemba tupu, na nasema hivyo kwa upendo.

Kwenye kuirudisha kiunoni, polepole. Shati likiingia kati ya holsta na kifyatulio, hilo shati ndilo litakalofyatua. Kuchomoa kunaweza kuhitaji kasi, kurudisha hakuhitaji kamwe.

Na wenye bastola aina ya Glock wakumbuke kwamba haina kitasa cha usalama cha pembeni cha kidole gumba kama bastola nyingi za Ceska zilivyo nacho, na ili uifungue kuisafisha ni lazima ubonyeze kifyatulio. Chemba usiyoikagua wakati huo itakupigia ukuta au mtu.

Mnunuzi wa Bahati (mwenye uzi)

Mzee wangu, shikamoo. Hilo la ncha kuzama sikulijua. Nitahamia kwenye holsta ngumu, hoja imeniingia.

Baba wa Shinyalu, Kakamega

Mulembe. Nyumba yangu iko kijijini, nusu matofali, nusu mbao na mabati ile sehemu tuliyoongeza ya watoto. Mwalimu wetu siku ya mafunzo alituonyesha mbao mbili zilizopitwa na risasi ya milimita 9 kama hazikuwepo. Nilirudi nyumbani nikasimama mlangoni mwa chumba changu nikanyoosha mkono kuelekea mlango wa mbele, halafu nikafuata mstari ule kwa macho hadi mwisho wake. Ulipita kwenye kitanda cha binti yangu. Jumamosi hiyo hiyo tulihamisha vitanda. Watoto sasa wanalala upande wa matofali, na chumba cha mbao kimekuwa stoo ya mahindi.

La pili ni tochi. Huku kwetu kuna disko matanga, dansi za usiku kwenye matanga, serikali ikataze isikataze, vijana huenda. Usiku mmoja mbwa walibweka kidogo kisha wakanyamaza, nikasikia mtu anaruka ua, viatu vinatua kwenye majani ya ndizi. Nilikuwa nimeshafungua sefu. Lakini mbwa kunyamaza kulinifikirisha, kwa sababu mgeni hawamnyamazii. Nilimulika kupitia dirishani na kuita jina la kijana wangu wa miaka kumi na saba. Akajibu, "Ni mimi, baba," sauti inatetemeka, viatu mkononi. Bastola haikutoka kwenye sefu. Tangu hapo tochi inakaa mbele ya sefu, huwezi kufikia vitufe bila kuishika kwanza.

Wakili wa Milimani, Nakuru

Kwa ufupi upande wa sheria. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inakutaka uitunze silaha na risasi mahali salama na kuchukua tahadhari zote za busara zisipotee, zisiibwe wala zisifikiwe na asiyeruhusiwa. Ikipotea, ripoti polisi mara moja, usisubiri "kuitafuta kwanza". Cheti ni cha mtu, hakirithiwi. Mwenye nacho akifariki, familia isiifungie sandukuni wakingoja arobaini iishe, ipelekwe kituoni.

Gari si sefu. Nimemwakilisha mtu aliyeiacha chini ya kiti akapeleka gari kuoshwa. Baa si mahali pa kuingia nayo. Na hata ikifika siku ya kuitumia, nguvu yako isizidi hatari iliyo mbele yako. Anayekimbia na televisheni yako amekupa mgongo.

Dada wa Mwisho, Webuye

Nimesoma yote na nashukuru. Kuna jambo hamjaligusa.

Kaka yetu ana cheti, mfanyabiashara. Biashara ilipoanguka alianza kukaa gizani, hali chakula, anajibu kwa kichwa. Nyumba yake ilikuwa na kila mnachokisema: sefu, bolti, holsta ngumu. Lakini sefu inamzuia mtoto na mwizi. Haimzuii mwenye namba. Tafiti nyingi za Marekani zimeonyesha kwamba bunduki ndani ya nyumba huongeza hatari ya mtu kujiua, na anayejaribu kwa bunduki ni nadra apone.

Tulikwenda ndugu watatu na shemeji. Hatukumlaumu. Mkubwa wetu alimwambia, "Ndugu yangu, tuipeleke polisi ikae, mpaka usingizi wako urudi." Alilia, kisha akaenda mwenyewe kuifungua sefu, tukaongozana naye kituoni. Ilipokelewa, akapewa karatasi. Kisha tukampeleka kwa daktari. Yuko hai, anafuga kuku wa mayai sasa, na hajairudia bado. Wenye vyeti, mpeni mtu mmoja mnayemwamini ruhusa ya kuwaambia maneno hayo siku ikifika. Mpeni sasa, mkiwa wazima.

Mnunuzi wa Bahati (mwenye uzi)

Dada, nimesoma hiyo mara mbili. Nimemwita mke wangu akaisoma. Tumekubaliana mtu ni nani.

Mpangaji wa Kondele, Kisumu

Swali la vitendo wakuu. Mimi ni mpangaji, cheti nimekipata mwaka huu. Mwenye nyumba hataki kuta zitobolewe. Sefu isiyokazwa mwizi anaibeba nzima kama redio. Pia niko kati ya ya vitufe na ya alama za vidole.

Baba wa Shinyalu, Kakamega

Achana na ya vidole kama unashika jembe au unafanya kazi ya fundi. Vidole vyangu vimesuguliwa na miwa, ile ya kwanza niliyojaribu dukani ilinikataa. Vitufe, na ubadilishe betri kila unapohuisha cheti. Ufunguo wa dharura usikae ndani ya nyumba hiyo.

Mama Mapacha, Kisumu

Sisi pia tulikuwa wapangaji. Tulitengenezewa kabati zito la mbao, sefu ikakazwa kwa bolti kwenye sakafu ya kabati, na kabati lenyewe likabanwa na kitanda na ukuta kiasi kwamba halitoki mpaka kitanda kifunguliwe. Mwenye nyumba hakuguswa ukuta wake. Fundi akiuliza sefu ni ya nini, mwambie ni ya hati za shamba, halafu ikazwe ukiwepo na namba uziweke yeye akishaondoka.