Spoki zinalegea kila baada ya mbio, nifanyeje?
Wakuu naombeni ushauri. Nina Jaguar E-Type ya 1963 naikimbiza kwenye mbio za magari ya zamani, rimu zake za spoki 72, sasa kila nikimaliza mbio nagonga spoki moja moja na spana ndogo, zilizokaza zinalia ting lakini gurudumu la nyuma kulia kuna kama nne zinatoa mlio mfu kabisa, nakaza, mbio inayofuata zimelegea tena. Juzi nimefungua ile nati kubwa ya katikati nikakuta meno ya habu (kile kitovu ambacho gurudumu linavalishwa na kushikwa na meno hayo) yamechongoka kama ya msumeno na grisi imegeuka nyekundu ya kutu, hapo roho ikanipasuka. Je nibadilishe rimu na habu kwa pamoja? Maana naona rimu mpya kwenye habu iliyolika itatafunwa tu. Gari sitalipeleka mbioni mpaka nipate jibu.