Mrejesho: dishi la kambini limetulia
Wadau, niliuliza hapa nifunge vipi dishi la TV tukilala kwenye gari kule Ngong, baada ya upepo kulibwaga. Yule aliyenishauri nitumie mtungi wa maji kama uzito, asante sana. Nimejaza maji lita 20, kilo 20 hizo, nikauning'iniza chini ya stendi ya miguu mitatu, kitako kikigusa nyasi kidogo usibembee. Kila mguu nikaupigilia kigingi. Halikutikisika usiku kucha. Kulifunga juu ya gari nilikataa: mtoto akigeuka kitandani tu, gari linatikisika na picha inakatika. Tena huku Nairobi satelaiti ninayoilenga, ya nyuzi 36 mashariki (longitudo), iko karibu utosini, dishi linalala kama sinia, upepo unalinyanyua kwa chini. Kebo nayo nimeifunga mguuni. Mbwa alishaivuta mara moja.