Je, sadaka za kale za Wayahudi zina funzo la maadili, au manabii walikwisha kuzikataa?

Mwanzisha mada

Ndugu wanajamvi, kila inapozungumzwa habari ya sadaka za wanyama katika Hekalu la Yerusalemu, hoja moja hurudiwa: kwamba ule ulikuwa utaratibu wa damu na moshi tu, mtu akikosa anachinja, akishachinja anarudi kwenye shughuli zake akiwa safi, mpaka walipotokea kina Amosi na Isaya ndipo maadili yakaingia. Naiweka mada hii hapa kwa sababu naamini wanaosema hivyo hawajazisoma sheria zenyewe.

Tuanze na Mambo ya Walawi 6:1-7. Anayezungumziwa pale ni mtu aliyekana amana aliyowekeshwa na jirani yake, au aliyemnyang'anya, au aliyeokota kitu kilichopotea kisha akaapa kwamba hakukiona. Mtu huyo hakuambiwa akimbilie madhabahuni. Aliagizwa akirudishe kile alichokichukua kikiwa kamili, aongeze juu yake sehemu ya tano, ampe mwenyewe, na alete kondoo dume awe sadaka ya hatia. Hesabu 5:7 inaongeza kwamba ni lazima aungame. Wanazuoni wa Mishna, mkusanyo wa sheria uliokamilishwa mwanzoni mwa karne ya 3, waliukaza utaratibu huo usiache mwanya: aliyerudisha alichoiba kabla ya kutoa sadaka ametimiza wajibu wake, na aliyetanguliza sadaka hajatimiza. Kondoo wake amekufa bure.

Humo humo imo kanuni ambayo mimi naiona kali kuliko zote. Aliyemdhulumu mwenzake kitu chenye thamani ya peruta moja, sarafu ndogo kabisa ya zama zile, kisha akaapa uongo, sharti amfuate mwenye mali hata kama amehamia Umedi, yaani pande za kaskazini-magharibi mwa Iran ya leo. Haruhusiwi kumpa mtoto wa mwenye mali amfikishie, wala kumtuma mtu mwingine, isipokuwa mjumbe wa mahakama. Hebu pigeni hesabu ya gharama za safari hiyo kwa ajili ya peruta moja!

Pia kuna suala la vyeo. Katika Walawi 4, kuhani aliyetiwa mafuta akikosa pasipo kukusudia analeta ng'ombe dume, sawasawa na taifa zima likikosa. Mtawala analeta mbuzi dume. Mwananchi wa kawaida mbuzi jike au kondoo jike. Aliye juu hakupewa nafuu, wala kosa lake halikuandikwa kwa siri. Yohanan ben Zakkai, aliyekuwa hai Hekalu lilipobomolewa na Warumi mwaka 70, alisema kwamba heri kizazi ambacho mtawala wake analeta sadaka kwa kosa alilolifanya bila kukusudia. Mnyonge naye, kwa baadhi ya makosa ya Walawi 5, akikosa mwana-kondoo alileta hua wawili, na akikosa hua alileta unga kiasi cha lita mbili hivi.

Msimamo wangu ni kwamba madhabahu ile haikuwa mahali pa kununulia msamaha, kwa sababu haki ya jirani iliwekwa mbele yake kisheria. Anayepinga na alete hoja.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mwanzisha mada, umeichambua vyema sadaka ya hatia, lakini umechagua kona inayokufaa. Sehemu kubwa ya yaliyofanyika Hekaluni haikuhusu dhuluma hata kidogo. Kila siku walichinjwa wana-kondoo wawili kwa niaba ya taifa, mmoja asubuhi na mwingine jioni, na hakuna aliyeulizwa kama amemrudishia jirani yake chochote. Katika Isaya 1:11 Mungu anasema amechoshwa na mafuta ya wanyama walionona. Katika Hosea 6:6 anataka fadhili wala si sadaka. Maneno mazito kama hayo hayasemwi juu ya jambo lililokuwa likienda sawa.

Isitoshe, Maimonides, mwanafalsafa mkubwa wa Kiyahudi wa karne ya 12, alieleza kwamba sadaka ziliruhusiwa kwa kuwa Waisraeli walikuwa wameizoea ibada ya namna hiyo kutoka kwa mataifa yaliyowazunguka, na binadamu hawezi kung'olewa ghafla katika mazoea yake. Jambo lililoruhusiwa kwa sababu ya udhaifu wa watu, sisi tunalifanyaje kuwa mwalimu wa maadili? Marabi wa mrengo wa mageuzi waliokutana Pittsburgh, Marekani, mwaka 1885 walitamka wazi kwamba hawatarajii kurejeshwa kwa ibada ya sadaka, na sijaona kwamba kutamka hivyo kuliwapunguzia uadilifu.

Mchangiaji wa pili

Mimi nawauliza nyote wawili juu ya bei. Mwanzisha mada amewapita wanyonge haraka mno. Kwa mujibu wa Walawi 12, mwanamke aliyejifungua alipaswa kuleta mwana-kondoo na ndege mmoja, na asiye na uwezo alileta ndege wawili. Ndiyo sadaka ambayo Luka 2:24 inaitaja kwa Mariamu. Sasa Mishna inasimulia kwamba wakati mmoja bei ya jozi ya ndege ilipanda Yerusalemu hadi dinari za dhahabu, na dinari moja ya dhahabu ilikuwa sawa na dinari 25 za fedha. Huruma iliyoandikwa katika sheria ikawa biashara ya watu.

Rabban Shimon ben Gamliel akaapa kwa Hekalu lenyewe kwamba hatalala usiku ule mpaka ndege wauzwe kwa dinari za fedha. Akaingia mahakamani, akafundisha kwamba mwanamke aliyezaa mara tano alete sadaka moja tu na inamtosha. Siku ile ile bei ikaporomoka hadi chini ya dinari moja ya fedha. Basi niambieni: maadili yalikuwa katika madhabahu, au kwa mwanachuoni aliyepunguza kile ambacho madhabahu ilidai?

Mwanzisha mada

Nashukuru kwa michango. Dada, swali lako ni zito kuliko mada yangu. Nadhani alichokifanya Rabban Shimon kilitoka ndani ya sheria hiyo hiyo, kwa maana sheria iliyomruhusu mnyonge kuleta ndege ilikuwa imeshamfundisha kwamba sadaka isiyofikiwa na maskini imepoteza maana.

Kwa ndugu wa kwanza, soma mistari minne mbele. Isaya 1:15 inasema Mungu hatasikiliza hata maombi yao, kwa kuwa mikono yao imejaa damu. Ikiwa mstari wa 11 umefuta sadaka, basi wa 15 umefuta sala, na hakuna anayekubali hilo. Alichokikataa nabii ni mikono iliyoleta. Wale wana-kondoo wa kila siku nao walinunuliwa kwa kodi ya nusu shekeli, ambayo kwa mujibu wa Kutoka 30:15 tajiri hakuruhusiwa kuizidisha wala maskini kuipunguza, na Talmud, mkusanyo wa mafundisho ya marabi unaoifafanua Mishna, imehifadhi kumbukumbu ya mabishano ambamo Masadukayo, kundi moja la Wayahudi wa zama za Hekalu, walitaka mtu binafsi aruhusiwe kuigharimia sadaka hiyo, wakapingwa. Naye Maimonides huyo huyo, katika kitabu chake cha sheria, aliandika kwamba masihi atakapokuja sadaka zitarejeshwa, kwa hiyo si shahidi wa upande mmoja.

Mchangiaji wa kwanza

Hoja ya Isaya 1:15 ina nguvu, nami siwezi kuipita. Lakini sala iliyokataliwa haimgharimu mtu mwingine chochote, ilhali kondoo aliyeletwa na mwizi amekwisha kuchinjwa, na wewe mwenyewe umesema amekufa bure. Sheria ikishajua kwamba haki ya jirani ndiyo ya kwanza, na Mishna ikasema kwamba hata Siku ya Upatanisho haimfutii mtu kosa alilomfanyia mwenzake mpaka amridhishe, kondoo anabaki na kazi gani? Hapo bado hujanijibu.