Naomba ushauri: Ruger LCR au Smith & Wesson 642 kwa kubeba ndani ya nguo

Wakuu, habari zenu. Naomba ushauri wa wenye uzoefu wa rivolva ndogo, hasa mlioko Marekani mnaobeba kwa mujibu wa sheria za jimbo lenu.

Zote mbili huchukua risasi 5 za .38 Special, zinamudu +P (risasi zenye shinikizo kubwa kuliko za kawaida), na nyundo imefichwa hivyo hainasi kwenye nguo. LCR ina gramu kama 380, 642 kama 410. Triga ya LCR ni laini zaidi kwa sababu ya umbo la kamu yake (kipande cha ndani cha mtambo wa triga). Kwangu hilo ni jambo kubwa, maana triga nzito huyumbisha mtutu kabla risasi haijatoka.

Kinachonisumbua ni wepesi wenyewe. Teke kali (msukumo wa nyuma wakati wa kufyatua) huweza kuchomoa kichwa cha risasi iliyobaki kwenye ganda lake, kikatokeza mbele na silinda ikakwama. Je, kufyatua 4 kisha kupima urefu wa ya 5 kwa kalipa (kifaa cha kupimia urefu kwa usahihi) kunatosha kuipitisha chapa ya risasi? Au nibaki na zile za kichwa bapa za greni 148 (kipimo cha uzito wa kichwa cha risasi), zenye teke dogo?

Hiyo 642 ni ya mtumba. Nikishahakikisha matundu yote ni matupu, nitavuta triga polepole kwa kila tundu nione silinda inajifunga kabla nyundo haijaanguka, kisha niisukume silinda mbele na nyuma kuona kama inacheza. Mwanya wa silinda na mtutu nitaupima kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia mianya). Ukizidi milimita 0.2 naiacha. Kipi kingine nikague?