Asasi za utamaduni Mtwara na Lindi: mnarekodi wazee wetu, mnafunga mradi, halafu mikanda mnatupa jalalani!

Wakuu salaam. Wasimamizi, naomba huu uzi msiuunganishe na ule wa kero za vifurushi, hii ni kero nyingine kabisa. Na leo nina hasira, kwa hiyo mnivumilie.

Kuna asasi moja ya utamaduni hapa Mtwara mjini. Jina silitaji. Kwanza sitaki kesi, pili nikiitaja hiyo moja zile nyingine zitajificha mgongoni kwake, na kwa ninavyozijua mchezo ni uleule. Kuanzia 2009 hivi walizunguka Newala, Tandahimba na Masasi na kamera, wanarekodi wazee. Ngoma, masimulizi, nyimbo za kazi, kila kitu. Babu yangu mzaa mama alikuwa mmoja wao.

Ujanani babu alikuwa kibarua kwenye ile reli ya Mtwara kwenda Nachingwea, reli ya mradi wa karanga wa Waingereza. Mradi ulikufa 1951, reli nayo ikaja kung'olewa miaka ya 60, na leo ukimwambia kijana wa hapa kwamba Mtwara iliwahi kuwa na treni anakuona umelewa. Babu alikaa mbele ya kamera akaeleza: walilipwaje, walilala wapi, nani aliugua akazikwa njiani, na wimbo gani waliimba wakibeba mataruma. Kwa Kimakonde cha zamani ambacho hata mama anakisikia nusunusu.

Babu hayupo tena. Arobaini ilipopita, familia ikaamua tukaombe nakala. Nikaenda na mjomba, na mnajua kwetu Wamakonde mjomba akienda mahali basi ukoo umeenda.

Kijana tuliyemkuta ofisini hana kosa, mstaarabu kabisa. "Shikamoo mzee, karibuni." Akaleta diski ya nje, akaichomeka kwenye laptopu, ikawa inalia tik, tik, tik. "Mzee, hii imekufa kitambo." Nakala nyingine? Ilikuwa kwenye kompyuta ya mhasibu, ila ilifomatiwa virusi vilipoingia. Basi tupe ile mikanda yenyewe, ile midogo ya MiniDV. Hapo kijana akainamisha kichwa. Mikanda ilitupwa walipohama ofisi, kwa sababu maboksi yalikuwa yanajaza stoo na mkurugenzi alisema kila kitu "kimeshaingizwa kwenye kompyuta."

Mjomba akauliza, "Mmetupa jalala gani?" Alikuwa anauliza kweli. Alitaka kwenda.

Sasa mimi kazi yangu ni kuhariri video, sanasana harusi na sendofu, kwa hiyo hapa hawanidanganyi. Mkanda wa MiniDV ndani yake tayari ni dijitali. Ukiwa na kamera yake na waya wa FireWire unaihamisha video vilevile ilivyorekodiwa, haipungui hata chembe, na saa moja inakula kama GB 13. Hawa walichofanya (nimemuuliza aliyekuwa fundi wao) ni kuchomeka kamera kwa zile waya za njano na nyeupe kwenye deki ya kurekodia DVD, wakashindilia saa mbili kwenye DVD moja ya GB 4.7. GB 26 ndani ya 4.7, piga hesabu mwenyewe. Haikutosha. Kutoka kwenye hizo DVD wakatengeneza vifaili vya 3GP ili vipite kwenye simu za wakati ule na kwenye ripoti ya mfadhili. Huko ndiko "kuingiza kwenye kompyuta" kwao. Maana yake hata ile diski ingekuwa hai, tungepewa babu mwenye uso wa viboksi viboksi anayeongea kama yuko ndani ya pipa. Kilichotupwa jalalani ndicho kilichokuwa bora kuliko vyote walivyowahi kuwa navyo!

Na ile diski. Diski moja. Mradi mzima, vijiji vyote vile, wazee wote wale, kwenye diski moja ndani ya droo, mji wa pwani wenye hewa ya chumvi na umeme tunaoujua. Watu wa hifadhi duniani kote wana kanuni rahisi ambayo hata mtoto wa darasa la tano anaielewa: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikae mbali na hapo ulipo. Na kila baada ya muda unazikagua. Zipo programu za bure zinazosoma faili zikakupa mstari wa herufi na tarakimu, SHA-256 kwa mfano. Unautunza ule mstari. Mwakani unapima tena. Ukitoka tofauti, ujue faili imeharibika au imeguswa, unachukua nakala nzima mahali pengine unarudishia. Kazi ya kubofya tu, halafu unaiacha mashine usiku kucha. Hawa walikuja kujua diski imekufa siku sisi tulipoenda. Ingekuwa hatujaenda wangeendelea kuandika kwenye maombi ya ufadhili kwamba wana maktaba ya video.

Nimesikia utetezi kwamba siku hizi wanaweka kwenye Google Drive. Sawa, bora kuliko droo. Lakini mmesahau Mei 2024? Mvua za Kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Kusini pale Somanga, na mwezi huohuo nyaya za baharini zikakatika, intaneti ikayumba nchi nzima. Kusini tukawa hatuendi Dar kwa gari wala kwa mtandao. Ukiwa na nakala ya mtandaoni peke yake, au ya Dar peke yake, siku kama hizo huna kitu. Na akaunti yenyewe nani anaijua nywila? Niliuliza. Ni ya afisa mradi aliyeondoka, imefunguliwa kwa jina lake binafsi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hakuna hata orodha. Mkulima wa Tandahimba akipeleka korosho ghalani anapewa stakabadhi: kilo ngapi, daraja gani, chama gani cha msingi. Mzee akitoa maisha yake yote mbele ya kamera hapewi hata kikaratasi. Kijana yule alinionyesha folda moja iliyonusurika kwenye flashi. Majina ya faili: "MZEE 1", "MZEE 2 final", "MZEE 2 final mpya", "ngoma". Mzee yupi? Kijiji gani? Lugha gani, lini, nani alimhoji, aliruhusu itumikeje? Hakuna. Faili ya namna hiyo hata ikifunguka ni mtu asiye na jina anaongea mahali pasipojulikana. Video isiyo na maelezo ni nusu imepotea tayari, na kuandika mistari mitano siku ileile ya kurekodi hakuhitaji mfadhili wala semina.

Hilo la ruhusa nalo lina yake. Asasi hiyohiyo iliwahi kupandisha Facebook kipande cha nyimbo za unyago. Kina mama walioimba walikubali kurekodiwa kwa sharti kwamba wataona wanawake tu. Sharti lilisemwa kwa mdomo, halikuandikwa popote, kijana aliyekuja baadaye hakulijua, akaona "maudhui mazuri" akarusha. Wanaume wa vijiweni wakawa wanatumiana wanacheka. Walikuja kuifuta, sijui kwa faida ya nani, maana ilishasambaa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023, kwa hiyo msituambie hamjui kwamba sura na sauti ya mtu si mali yenu ya kuchezea. Mwishowe kina mama wa kijiji kile wameapa hawarekodiwi tena na yeyote. Siwalaumu.

Mkurugenzi nilimpata kwa simu. Mnajua alinijibu nini? "Mdogo wangu, hata NASA walifuta mikanda ya mwezini." Nilikaa kimya kwa sekunde, maana jibu lenyewe lina nusu ukweli. Ni kweli, 2009 NASA walikiri kwamba mikanda halisi yenye video ya Apollo 11 ya 1969 inaelekea ilifutwa ikatumika tena. Ila bosi hakumalizia hadithi. Safari ile tunaiona hadi leo kwa sababu vituo vya televisheni vilikuwa na nakala zao za matangazo, zikakusanywa, zikasafishwa. Waliokolewa na nakala zilizokaa mahali pengine. Ndicho kitu ambacho ninyi hamkufanya, halafu mnajifananisha nao!

Halafu ni watu haohao, kila kongamano, wanashika kipaza sauti kudai mifupa ya dinosaria wa Tendaguru irudi kutoka Berlin. Nami nadai irudi, msininukuu vibaya. Ilichimbwa hapo Lindi kati ya 1909 na 1913, jasho la vibarua wetu. Lakini mifupa ile ina namba za shimo ilikotoka. Na zile karatasi za utawala wa Kijerumani zilizoko kwenye Nyaraka za Taifa pale Dar, ambazo UNESCO iliziingiza kwenye orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia 1997, zina zaidi ya miaka mia na bado zinasomeka. Video ya 2009 haifunguki. Aibu hii tunampelekea Mjerumani gani?

Msidhani ni asasi tu. Halmashauri mojawapo ya kwetu huku, picha na video za shughuli zote zimo kwenye simu na laptopu ya afisa. Afisa akihamishwa, kumbukumbu nazo zinahama. Kule angalau ipo Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya 2002 inayobana ofisi za umma, mtu akiamua kukomaa ana pa kuanzia. Asasi binafsi zinajiendea tu. Wafadhili nao wana sehemu yao: wanalipia kamera, mafuta, fulana za uzinduzi, mradi ukifunga hakuna hata shilingi ya kubadilisha diski baada ya miaka mitano. Kuhifadhi si tukio la kupiga picha na mgeni rasmi, ni kazi ya mtu fulani kila mwezi, na mtu huyo sharti ajulikane kwa cheo, awe na ufunguo, na akiondoka akabidhi kwa maandishi.

NYONGEZA, baada ya kusoma michango yenu:

Mkuu uliyesema "wapandishe YouTube basi, bure": YouTube inaibana video upya, unachokishusha baadaye si kile ulichopandisha. Na akaunti ikifungwa umekwisha. Ni pa kuonyeshea, si pa kutunzia. WhatsApp ndiyo usiseme, inabana na kufuta hadi tarehe ya kurekodiwa.

Dada wa Nachingwea uliyeuliza kuhusu VHS za marehemu baba yako: fanya haraka. Kiwanda cha mwisho kilichokuwa kikitengeneza deki za VHS, Funai cha Japani, kiliacha 2016. UNESCO na IASA, chama cha kimataifa cha watunza kumbukumbu za sauti na video, wakatoa tahadhari 2019 kwamba kufikia 2025 hivi mashine za kuchezea mikanda zingekuwa adimu mno, na mwaka huo ndio huo ushapita mlangoni. Ukiona ukungu mweupe kwenye mkanda usiutie kwenye deki, utachafua vichwa vya deki na kukata mkanda. Na ukishahamishia, mkanda usitupe! Weka mahali pakavu, umesimama wima.

Anayesema nina chuki binafsi na asasi: ndiyo, ninayo.

Sasa shida yangu. Siku ya uzinduzi wa ule mradi waligawa DVD kwa wageni waalikwa, kava ya kijani yenye picha ya kinyago. Walioalikwa ni watendaji wa kata, walimu wakuu, watu wa redio, viongozi wa dini. Kama wewe au mzee wako alipata, angalia kabatini, kisha njoo inboksi. Hata kama imekwaruzika au deki inaikataa, usiisugue na dawa ya meno kama wanavyofundishana vijiweni. Niletee ilivyo, nitaivuta yote kwa ddrescue, programu ya kuokoa data kwenye diski mbovu, inarudia sehemu mbovu hadi itoe kinachotoka, na nakala yako utapewa bila malipo. Babu yumo kwenye DVD ya pili, amevaa koti la kaki.