Ditekta ya silikoni inapoteza kilele joto likipanda, nifanyeje?

alfa241: Habari wakuu, naombeni msaada. Nina ditekta (kinasa mionzi) ya silikoni nimeifunga kwenye oveni ndogo ya vakyumu pamoja na chanzo cha amerisiamu 241 kinachotoa chembe za alfa, kwenye nyuzi 25 kilele cha alfa kwenye grafu kimesimama chembamba safi kabisa, nikapandisha hadi 60 kikaanza kutanuka, kufika 90 kimezama kwenye noizi (mawimbi ya vurugu), hakionekani tena. Nikipoza kinarudi kwahiyo haijaungua. Lengo langu ni kuhesabu neutroni sehemu yenye nyuzi 300, kuna cha kurekebisha hapa au nibadili ditekta yenyewe?

jotokali: Badili mkuu. Pengo la nishati la silikoni, yaani nishati inayohitajika elektroni ivuke ianze kupitisha umeme, ni 1.12 eV tu (eV ni kipimo cha nishati), joto peke yake linarusha elektroni zinavuka bila mionzi yoyote, na huo mkondo unaovuja, ambao ndo noizi yako, unakuwa mara mbili kila zikiongezeka nyuzi 7 hadi 10 hivi, sasa toka 25 mpaka 90 piga hesabu mwenyewe. Jemaniamu ndo usiseme, 0.67 eV, hiyo wanaipoza kwa naitrojeni ya kimiminika ndo ifanye kazi vizuri. Tafuta silikoni kabaidi aina ya 4H (4H ni mpangilio wa kristali yake), pengo lake karibu 3.2, au almasi yenye kama 5.5. Halafu neutroni haina chaji, weka mbele tabaka jembamba lenye lithiamu-6 au boroni-10, ikigonga pale zinatoka chembe zenye chaji na hizo ndo utazihesabu.

waya_moto: Nakubaliana na jotokali ila usisahau vinavyoishika hiyo kristali. Mimi ditekta yangu ya kabaidi ilitoka nzima kwenye joto, nilichokuta ni tone la solda limetiririka chini ya fremu na waya unaning'inia. Solda ya bati na risasi inayeyuka nyuzi 183! Na kebo ya plastiki hapo haifiki, tumia yenye ganda la chuma lililojazwa unga wa magnesia usiopitisha umeme. Amplifaya iache nje kwenye ubaridi, ila kebo ikiwa ndefu noizi inapanda, kwahiyo pima urefu vizuri.

mama_neutroni: Kama ni kuhesabu tu, fikiria na chemba ya fishoni (mpasuko wa atomi). Ni gesi na ukuta uliopakwa urani, hamna kristali ya kuvujisha mkondo.

alfa241: Asanteni sana wakuu. Urani kwangu kibali kitachukua muda, naenda na kabaidi. waya_moto, ukiacha solda, ule waya uliushikishaje?

waya_moto: Waya wa dhahabu, nikaubana kwa joto na mgandamizo juu ya padi ya dhahabu. Hauachii.